Koki Iliyochorwa kwa Penseli

Injinia Rehema, na ninyi wenzake wa chumba cha michoro,

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Ahsanteni sana. Nimeitundika sebuleni hapa Lulindi, ingawa bado sijaelewa kwa nini mtu aliyeambiwa hana tena pa kuwahi hupewa saa. Asubuhi ya siku ile, kabla ya pilau na hotuba, Rehema alinivuta pembeni akaniuliza jambo ambalo sikuweza kulijibu mbele za watu. Alikuwa amekunjua mchoro wa mabomba wa laini ya maji ya kupanda Newala, akaweka kidole juu ya alama ndogo iliyopinda. "Mama, michoro yote hii umeipiga wino. Hii koki mbona ya penseli?" Nikamwambia nitamwandikia. Aliuliza kwa sababu anaiingiza michoro yote kwenye kompyuta, na kompyuta haijui penseli. Ama kitu kipo, ama hakipo.

Jibu litakuwa refu kidogo, mnivumilie. Siwezi kuifikia koki ile bila kupita kwa aliyeichora.

Nilipanda Newala mara ya kwanza nikiwa na cheti cha uchoraji, sanduku la bati na boksi la kalamu za wino. Marehemu baba, aliyekuwa mwalimu wa dini hapa Lulindi, aliniaga kwa maneno mawili: usidanganye, na usimpe mtu kalamu yako. La pili nimelishika hadi leo. La kwanza nusura linishinde, na hilo nitalieleza likifika mahali pake.

Mkuu wa ofisi alitazama cheti, akanitazama mimi, akatazama tena cheti. Karakana nzima ilikuwa ya wanaume na hakuwa na uhakika mwanamke huwekwa wapi. Mwisho akanipeleka kwa fundi mkuu wa laini, Mzee Hamisi, ambaye wote tulimwita Baba Zuhura. Alikuwa mrefu, mwembamba, ana chale za kale mashavuni, na kofia iliyofuliwa hadi ikasahau rangi yake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Umekuja kufanya nini?"

"Kuchora."

"Basi katafute viatu vingine. Bomba halichorwi na mtu aliyekaa."

Tulitembea siku tisa. Tulianza bondeni kwenye kituo cha pampu, tukapanda genge hatua kwa hatua kufuata bomba, mpaka kwenye matangi juu. Yeye alibeba spana begani, mimi daftari. Kila tulipofika kwenye valvu alipiga magoti, akafukua mchanga kwa mikono, kisha akauchukua mkono wangu na kuuweka juu ya chuma. Hakunionyesha kwa kidole hata mara moja. Alitaka niguse. Mchana tulikula muhogo wa kuchemsha na karanga, na akitafuna alinifundisha sheria yake moja: "Kilichomo ardhini kiwemo kwenye karatasi. Kilichomo kwenye karatasi kiwemo ardhini. Kikizidi hapo ni hadithi." Kufikia siku ya tano ningeweza kuisema nikiwa usingizini.

Siku ya saba tulipita kwenye shamba lake mwenyewe la mikorosho. Pembeni mwa laini palikuwa na kinu kilichopasuka, kimepinduliwa. Miguu ilikuwa imevimba, nikataka kukikalia. "Usikalie kinu, binti," akasema, na hakusimama kama alivyosimama kwingine kote. Nikaona ni mila, na mimi ni nani wa kubishana na mila nikiwa na wiki moja kazini? Tukapita.

Baba Zuhura alisoma mpaka darasa la nne. Michoro aliisoma kwa kidole, polepole, midomo ikicheza, na mara nyingi aliisoma vizuri kuliko wenye vyeti. Kila aina aliipa jina lake, na hayo majina ndiyo niliyoyatumia kichwani miaka yote, hata nilipokuwa nawaandikia ninyi majina ya vitabuni.

Mchoro wa mstari mmoja, unaoonyesha umeme ukitoka kwenye transfoma, ukipita swichi kuu, ukigawanyika kwenda kwa kila mota, aliuita mchoro wa ukoo. Unakuonyesha nani katoka kwa nani, haukuonyeshi nani hasemi na nani. Ugomvi utaukuta kwenye mchoro wa saketi ya kuongozea, ule wenye vipandio kama ngazi. Huo aliuita mchoro wa posa. "Mota ni binti anayeposwa," alisema. "Wajomba wote lazima wakubali. Kitufe kikubali, boya la tangi likubali, rilei ya kulinda mota ikubali. Mjomba mmoja akikataa, hakuna arusi." Mota ikigoma kuwaka alianza kuuliza mjomba gani kanuna, na karibu kila mara tulimpata. Mchoro wa nyaya, ule wa kuonyesha waya namba fulani umefungwa skrubu ipi, hakuupa jina la maana. Alisema ni wa kushikia tochi.

Mchoro wa mabomba ndio ulionitia aibu. Mimi, na cheti changu, niliamua kuuchora kwa vipimo, kila mita mahali pake. Karatasi nilizounganisha zilikuwa ndefu kuliko mkeka, zikatoka nje ya mlango. Baba Zuhura akasimama barazani akaziangalia zikipepea, akacheka hadi akashika ukuta. "Mwanangu, huu haupimwi kwa rula. Huu unauliza swali moja tu: nikifunga hii, nani atakosa maji? Chora nani kaungana na nani, basi." Nikauchora upya, ukaenea kwenye karatasi moja. Ile mirefu iliwekwa stoo na mchwa wakaila yote, kuanzia bondeni hadi Kitangari. Sikusikitika.

Urefu na miinuko vina mchoro wao, ule unaoonyesha ardhi kama umeikata kwa kisu na kuitazama ubavuni. Aliuita mchoro wa mlima. Nilidhani ni wa wapimaji tu, hauna kazi karakanani. Ndio ulionipeleka kwenye kinu.

Ilikuwa kiangazi, mikorosho imeanza maua. Nilikuwa nimeshaolewa na kujifungua. Binti wa Lulindi amekwisha kuwa Mama Tumaini, na Tumaini yuko darasa la kwanza. Mafundi walifunga laini siku mbili ili kubadilisha kipande cha bomba kilichooza pale gengeni. Siku ya tatu, saa kumi na mbili asubuhi, pampu ikawashwa. Saa tatu mota ilikuwa imeungua. Pampu ya akiba ilikuwa imefunguliwa, vipande vyake viko mezani vikisubiri vipuri. Maana yake nyanda zote za juu hazina tone, na wanawake wakaanza tena kushuka bondeni na ndoo, kama mama zao.

Mwendesha pampu wa zamu alikuwa Baba Lukas, mtu wa Chidya, mwimba kwaya, baba wa watoto watano. Kila nusu saa aliandika kitabu cha zamu kwa mwandiko mzuri kama wa mwalimu. Siku ile aliandika kwamba umeme unaovutwa na mota uko juu mno, na geji ya mgandamizo wa maji iko chini mno. Ameita ofisini kwa redio, hajajibiwa, na tangu alfajiri ameagizwa asizime mpaka tangi lijae, maana watu wana siku mbili bila maji. Wakubwa walisema ameyaandika baada ya mota kuungua, ili kujificha. Walisema alilala. Akapewa barua ya kujieleza, na ikasemwa wazi kwamba Ijumaa akishindwa kujieleza, kazi hana.

Mimi niliambiwa niandae michoro ya kikao. Siku tatu nilishinda kituoni, nikifuata kila waya kwa kidole kama nilivyofundishwa. Mchoro wa ukoo ulikuwa sawa. Kwenye mchoro wa posa nilikuta mjomba mmoja amezibwa mdomo: rilei ya kulinda mota ilikuwa imepandishwa wiki kadhaa nyuma, kwa amri ya mdomo, kwa sababu ilikuwa inazima mara kwa mara. Hiyo ilieleza kwa nini mota haikujizima. Haikueleza kwa nini ilielemewa. Umeme haukuwa na ugonjwa wake wenyewe. Ulikuwa unalalamikia ugonjwa wa bomba.

Vijana, hili mlishike. Pampu zetu hizi zikikosa mzigo wa kusukuma juu, hazipumziki. Hukimbia, humwaga maji mengi, na mota huelemewa. Maji yalikuwa yanatoka mahali fulani kabla ya kufika juu. Lakini mchoro wa mabomba haukuwa na mdomo wowote pale kati, na waliotembea laini hawakuona bomba lililopasuka.

Mimi nilikiamini kitabu cha Baba Lukas. Mtu anayetunga huandika vitu vinavyofanana na kawaida. Huyu aliandika kitu asichokielewa. Nikachukua namba yake ya geji, nikaigeuza kuwa urefu wa maji, nikauweka kwenye mchoro wa mlima, nikalaza rula kutoka bondeni. Si hesabu ya kujivunia, ina makosa kushoto na kulia. Lakini mstari wangu ulikata mlima sehemu moja tu. Ulikata kwenye shamba la mikorosho la Baba Zuhura.

Kikao kilikuwa Ijumaa, na hiyo ilikuwa Jumatano alasiri. Nikakunja michoro miwili, wa mlima na wa mabomba, na badala ya kwenda kwa meneja nikaenda kwake.

Mama Zuhura, mkewe, alikuwa barazani anapukuchua mbaazi, mzee kando yake. Tukasalimiana vizuri, wakaniuliza Tumaini hajambo, nikasema hajambo. Kisha nikakunjua karatasi kwenye mkeka na kumweleza mzee hesabu yangu. Alisikiliza bila kunikatiza. Akapeleka kidole kwenye mchoro wa mabomba, moja kwa moja, bila kutafuta.

"Hapa hapana kitu," akasema.

"Kwenye karatasi hapana, Mzee. Ardhini je?"

Mama Zuhura akaacha kupukuchua. "Mwambie, Baba Zuhura. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi. Mimi ndiye niliyeifunga."

Tukaenda wote watatu. Mzee akakisukuma kile kinu. Chini yake palikuwa na jiwe bapa, na chini ya jiwe palikuwa na koki ya inchi mbili, imepakwa grisi, safi kuliko koki zote za serikali.

"Mama yangu alifariki kabla bomba hili halijafika," akasema, amepiga magoti vile vile kama siku zetu tisa. "Wanawake waliteremka bondeni alfajiri kumchotea maji ya kuoshwa. Wamerudi alasiri. Amelala ndani anasubiri, jua linazunguka nyumba. Mama yangu aliwachotea watu maji maisha yake yote, Mama Tumaini. Siku yake yeye, yakachelewa."

Basi bomba lilipolazwa, yeye akiwa fundi mdogo, aliunganisha mdomo ule na hakumwambia mtu. Vijiji vya upande ule vilikuwa vinapata zamu ya maji kwa tabu, na kifo hakingoji zamu. Spana ilikaa nyuma ya mlango wa Mama Zuhura. Mwenye msiba, Mwislamu au Mkristo, alikuja akasema "tumefiwa", akapewa. Mizunguko miwili, maji ya kuosha na ya kupikia waombolezaji, kisha inafungwa na kinu kinarudishwa. Watu waliiita koki ya msiba.

"Na hakuna aliyekuja kuchotea nguo?" nikauliza.

"Hakuna," akajibu Mama Zuhura. "Nani atamsingizia mtu wake kufa kwa sababu ya kufua?"

Kilichotokea kilikuwa kosa letu sote wa huku, ambalo hata mimi nalifanya nyumbani hadi leo. Siku laini ilipofungwa, palitokea msiba. Waliofiwa wakachukua spana, wakazungusha mara mbili, kukavu. Wakazungusha tena, mpaka mwisho, mizunguko kumi na mmoja, kukavu. Wakafanya tunachofanya sote bomba likikauka: wakaliacha wazi, ndoo chini yake, maji yakija yakute ndoo. Wakateremka bondeni, wakamzika mtu wao. Mama Zuhura alilala matangani. Aliporudi asubuhi akasikia mngurumo korongoni. Ndoo ilikuwa imetupwa mbali na maji yanakwenda yote kwenye mchanga. Akafunga, akarudisha kinu, na mchanga wa Makondeni mnaujua, ndani ya siku moja umekunywa kila kitu.

"Nimejua tangu jioni ile," akasema mzee. "Kila siku naamka niseme, nafika ofisini mdomo unakuwa mzito. Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Na wakijua, watakuja kuikata."

"Baba Lukas ana watoto watano."

"Nawajua kwa majina."

Tukarudi barazani. Hapa ndipo penye lile neno la kwanza la baba. Nilimpenda mzee yule, nasema wazi, kama nilivyompenda baba yangu, na nilitaka kumwokoa. Nikamwambia kuna njia. Naweza kuchora kiungo kimoja pale pale, niandike kilivuja na kimekazwa. Hesabu itakubali, Baba Lukas atapona, koki itabaki chini ya kinu. Nilikuwa nimeshaandaa hata maneno.

Nikaona kwamba amejaribiwa. Kisha mzee akatikisa kichwa.

"Siku moja fundi atafunga valvu hii ya chini na hii ya juu, aseme bomba limekufa. Ataingiza mkono. Huku, mtu aliyefiwa atafungua koki ambayo yeye haijui, na maji yaliyobaki bombani yatamvuta mkono. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na safari hii kifo kitakuwa cha mtoto wa mtu." Akanyoosha mkono. "Nipe kalamu."

Sikumpa kalamu. Nilimpa penseli. Mnacheka, lakini hata saa ile, machozi yakinilengalenga, mkono wangu ulikumbuka neno la baba na kuchagua penseli.

Alama ya valvu mnaijua, pembetatu mbili zimekutana ncha kwa ncha. Kwa miaka yote aliyofanya kazi alikuwa hajachora hata moja. Karatasi ilikuwa mkekani, mkono wake uliofungua vyuma vya kila namna ukaishika penseli kama spana. Pembetatu ya kwanza ikatoka kubwa, ya pili ndogo na imelala.

"Mbaya," akasema.

"Inasomeka, Mzee."

Ijumaa alisimama mwenyewe kabla Baba Lukas hajaitwa. Alisema yote kwa dakika chache, akakaa. Meneja akataka kuona kwa macho, tukapanda gari kwenda shambani. Sijui nani alipeleka habari, lakini tulikuta wanawake wamekwisha kukusanyika kwenye kinu. Hawakuja kupiga kelele. Mama Zuhura alianza kutaja jina la marehemu aliyeoshwa kwa maji yale, mwingine akataja wake, na mwingine, Salum, Veronika, Mwanahawa, mtoto wa siku mbili ambaye alikuwa hajapewa jina. Meneja hakuwa mtu wa huku. Alivua kofia yake ya kazi akaishika mpaka walipomaliza.

Baba Lukas alirudi kituoni siku ile ile, na rilei ilirudishwa mahali pake mbele yangu. Koki haikukatwa. Ilijengewa kisima kidogo cha saruji chenye mfuniko na kufuli, ufunguo ukabaki kwa Mama Zuhura, na ikaagizwa kwamba mwendesha pampu apewe habari kabla haijafunguliwa. Lakini Baba Zuhura aliondolewa kwenye laini. Mwaka wake wa mwisho aliumalizia stoo, akihesabu bolti, na alipostaafu hakukuwa na pilau wala hotuba. Hakupewa hata saa ya ukutani. Niliona uchungu na bado nauona. Yeye alisema adhabu ilikuwa ya haki, na kwamba stoo ina kivuli kizuri. Kila siku saa nne nilimpelekea chai, na tukakunjua mchoro mmoja, akaupitia kwa kidole. Mengi ninayoyajua niliyajua mle.

Meneja aliniagiza alama ile niipige wino. Wamepita mameneja watano tangu hapo, na wote waliniagiza hivyo hivyo. Niliwajibu nitaipiga. Huo nao ni uongo, naona sasa, ila nadhani baba angeusamehe.

Baba Zuhura alifariki kiangazi, zamu ya maji ikiwa upande mwingine kabisa. Nilipofika msibani Mama Zuhura alinitolea ufunguo na spana. "Leo fungua wewe," akasema. Nikampigia simu Baba Lukas bondeni. Hakuuliza kitu zaidi ya saa ngapi. Nikapiga magoti pale penye kinu, nikazungusha mara mbili, na maji yakaja kabla sijanyanyua mkono. Wanaume walimwosha, jua halijafika hata utosini.

Wiki iliyofuata nilishuka kituoni kukagua paneli. Baba Lukas alinifungulia kitabu cha zamu kwenye ukurasa wa siku ile. Pembeni mwa namba zake aliandika neno moja, "msiba". Akanionyesha mita ya umeme ukutani. "Nilisimama hapa, Mama Tumaini. Sindano ikapanda, kidogo tu, ikatulia. Nikajua sasa Mzee anaoshwa. Nikavua kofia mpaka iliposhuka." Huyu ndiye aliyebaki kidogo afukuzwe kwa ajili ya koki ile.

Nilikuwa nimefika hapa, nikitafuta namna ya kumaliza, juzi Rehema akanipigia simu.

"Shikamoo, Mama. Nimekwenda mwenyewe mpaka shambani. Nimeiona, na Zuhura, binti wa Mzee, amenipa ufunguo. Sasa kuna tatizo. Nimepima. Kwenye mchoro, Mzee ameiweka karibu mno na valvu ya juu. Ardhini iko mbali na hapo. Na ile alama yenyewe, pembetatu haziko sawa. Nikiiingiza kwenye kompyuta, niisogeze?"

Niliuliza, ukifunga valvu ya chini na ya juu, mwenye msiba atapata maji?

Akafikiri. Nilimsikia akifikiri. "Hapati, Mama."

Basi umeisoma, mwanangu. Alama yako ipige safi, kwa kompyuta, uandike jina lake karibu yake ili kila fundi alijue: koki ya msiba. Ile karatasi ya zamani isiende stoo kwa mchwa. Na mchoro ule haupimwi kwa rula. Iache hapo hapo alipoiweka.